Mchanga Usiokaangwa

Kibokoni, Mombasa
Usiku wa kuamkia safari yako

Athman mwanangu,

Salamu tutapeana alfajiri uso kwa uso, Mungu akituamsha, kwa hiyo sitaipoteza karatasi kukuuliza hali na huku nakusikia ukikoroma chumba cha pili. Barua hii nimeitia ndani ya kiatu chako kipya hapo juu ya ngazi, kwa sababu nakujua. Waweza kutoka bila chai, waweza kutoka bila kuaga, lakini bila viatu hutoki. Isome kabla ya kushuka.

Wenye kuandika barua za namna hii huanza na maonyo. Usile vya njiani, usimwamini jirani yako wa basini, vaa sweta maana Nairobi kuna baridi. Hayo sikuandikii. Una ndevu, na sweta nimeshalitia begini. Nakuandikia kwa sababu jana ulimwambia Bi Rehema jirani, naye hakumeza hata mate kabla ya kunifikishia, kwamba utakwenda kupanda basi Mwembe Tayari bila kuingia chumbani kwa babako kumwomba radhi. Ulimwambia: "Mtu nliyemtoa jicho ntamwambia nini? Na mwenyewe hataki hata kunisikia."

Basi sikiliza. Jicho la babako hukulitoa wewe. Mchanga uliokuwa ndani ya ndoo siku ile ulikuwa na maji, na aliyeutia ni mimi. Nimeliandika mapema nisije nikalirudisha moyoni. Sasa nikueleze lilivyokuwa, na kwanza lilikotoka, maana halikuanza siku ile.

Watu hukuambia kwamba mimi na babako tulichaguliwa na wazee. Si kweli. Nilimtaka mwenyewe, na nilimtaka kwa sababu ya ngumi zake. Nilikuwa msichana, nimetumwa sokoni Mwembe Tayari, na manamba mmoja, mwita abiria wa mabasi ya bara, akanivuta buibui likanitoka kichwani, wenzake wakacheka. Babako alikuwa akipita na chuma cha kazi begani. Alikiweka chini polepole, kama mtu anayeweka sinia la chakula mbele ya wageni, kisha akampiga yule manamba mpaka damu na meno vikawa juu ya lami. Mimi nilisimama pale na buibui langu mkononi, nikaona raha. Nataka ulijue hilo, kwamba niliona raha. Nikajiambia, huyu ndiye atakayenilinda. Haikunipitikia kwamba mtu hana mikono ya nje na mikono ya nyumbani, ni ile ile miwili anaingia nayo mlangoni jioni.

Mwaka wa kwanza hakunigusa. Alipiga milango, alipiga meza, akavunja redio kwa sababu ilikuwa inakwaruza wakati wa taarifa ya habari. Nilipopigwa kofi la kwanza nilikwenda kwetu. Bibi yako akanitilia chai, akanitazama shavu, akasema, "Rudi mwanangu, mume ni kivuli." Nikarudi. Simlaumu, ndivyo alivyoambiwa yeye na mamake. Wala usidhani mimi nilikuwa malaika wa kukaa pembeni nikilia. Kovu la sikioni mwa babako, lile alilomwambia kila mtu kwamba ni la kazini, ni la mwiko wangu uliotoka motoni. Tulikuwa tukipigana, Athman, na baadaye tukipatana, na tulidhani watu wote wanaishi hivyo nyuma ya mapazia yao.

Kibaya zaidi ni kwamba wewe ulikuwa ukilipa. Babako akiniudhi asubuhi, mchana nilikutafutia kosa. Umemwaga maziwa, umechelewa chuoni kusoma Kurani, umenijibu kwa jicho. Nilikuchapa kwa kandambili, nilikuchapa kwa ufagio, na moyoni nilijua kabisa kwamba yule ninayemchapa hayuko pale. Sikuwahi kukuambia. Nakuambia leo ili usije ukakaa Nairobi ukijiuliza ulikuwa mtoto mbaya kiasi gani. Hukuwa mbaya. Ulikuwa karibu na mkono, basi.

Kuna jioni moja babako alitupeleka Mama Ngina, kando ya bahari, kula mihogo, nawe ulikuwa mdogo umekaa begani kwake. Mtu mmoja akapita akammwagia babako pilipili kwenye kanzu. Akaomba radhi mara moja, nilimsikia kwa masikio yangu. Babako akakushusha, akanikabidhi, akamfuata yule mtu akamwangusha kwenye mawe ya ukingoni. Wewe ukapiga makofi. Watu walikuwa wakikimbilia kuamulia, nawe mikononi mwangu unapiga makofi na kuita, "Mpige, baba." Nilipaswa kukufumba macho, au kukwambia neno. Nilikuwa nakufuta mhogo mdomoni. Nilikusikia na nikaendelea kukufuta.

Sasa nije karakanani mwa babako, hapo chini ya nyumba. Wewe umeijua kwa kuinama juu ya mashine, mimi nimeijua kwa kuitazama kutoka mlango wa ngazi, kwa hiyo ngoja nikueleze nilivyoiona mimi.

Injini za Kombi, na za yale magari ya mgongo wa kobe, hupozwa kwa upepo badala ya maji, na kasha lake si chuma kizito. Ni magnesi, madini mepesi, hata mimi huinua nusu ya kasha kwa mkono mmoja. Krenki, ule mhimili wa chuma wa injini, huzunguka ndani yake, na kila inapozunguka hulipiga. Kipigo chenyewe ni kidogo, hakuna anayekisikia, lakini baada ya miaka matundu ambayo krenki imekalia huacha kuwa mviringo, huwa kama yai. Hapo ndipo mtu huleta kasha kwa babako. Yeye hufunga mapande yake mawili pamoja, hupitisha chuma kirefu chenye kisu kidogo ndani ya matundu yote kwa mstari mmoja, hukereza mpaka mviringo unarudi, kisha hutiwa beringi nene zaidi kujaza palipoondolewa. Kasha huvumilia kukerezwa mara moja, na mara ya pili. Likizidi hapo hubaki ganda. "Hili halina nyama tena," ndivyo asemavyo, na hulitupa uani mwenye gari apende asipende.

Na maranda yake, yale maganda membamba yanayotoka kwenye kisu, hushika moto. Hilo ulilijua kabla hujajua kusoma. Kisu kikiwa butu kikasugua, yale maranda huwaka moto mweupe usiotazamika, na ukiumwagia maji hulipuka. Dawa yake ni mchanga mkavu, na katika kisiwa hiki ambamo hata chumvi hulowa mezani, mchanga mkavu haupo mpaka uukaange. Basi tangu niolewe, kila Alhamisi niliwasha makaa uani, nikabandika karai kubwa, nikaukaanga mchanga kwa mwiko mpaka ukaacha kutoa mvuke, nikauacha upoe, nikaujaza ndoo na kuifunika.

Mtaa mzima ulikuwa ukinicheka. Bi Rehema alikuwa akichungulia dirishani kwake.

"Mamake Athman, wapika nini leo?"

"Mtanga."

"Na kitoweo?"

"Papa wa nazi. Karibu ndani."

Kazi ile niliipenda, nisikufiche. Babako si mtu wa shukrani, lakini miaka ya mwanzo kila Alhamisi alitia mkono ndani ya ndoo, akafumba kiganja, akakifungua, mchanga ukamwagika wote bila chembe kubaki, akasema, "Haya." Sikuwa na neno jingine la mapenzi kutoka kwake ila hilo. Baadaye akaacha kupima. Mtu aliyekuwa akiwashuku wanadamu wote, pamoja na wanaomwalika futari, aliacha kunipima mimi.

Sasa mwaka huu unaujua mwenyewe. Mvua haikutaka kukatika, na tangu ghasia za ng'ambo ya Likoni watalii hawaji, Kombi zimelala, kazi zimepungua. Babako alikuwa na hasira zake za kawaida, akaongezewa za nyongeza. Jumatano ya wiki ile ya ajali alipanda kula, akatia tonge la kwanza mdomoni, chumvi imezidi. Aliirusha sahani ukutani na kigae kikanirukia kikanichana juu ya nyusi. Jioni ulipouliza nilikwambia nimejigonga kabatini. Ukaniamini, au ulijifanya umeniamini, na sisi katika nyumba hii hizo mbili hatujawahi kuzitenganisha.

Alhamisi niliwasha makaa kama kawaida nikakaa mbele ya karai tupu. Nyusi inanipwita. Nikasema, leo sikaangi. Nikachukua ndoo nikateremka hadi kwenye lundo la mchanga la yule jirani anayejenga, lililonyeshewa usiku kucha, nikajaza, nikapapasa juu kwa kiganja ionekane sawa, nikafunika na kuirudisha mahali pake. Sikutaka kumuua, Athman. Wallahi sikutaka. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho nimemdanganya nacho, nimpe chai na huku najua. Raha ile nayo niliiona, na ilikuwa ile ile ya Mwembe Tayari.

Jumamosi akaja tajiri wa Kombi na kasha lake. Babako aliligeuza mara moja tu akalirudisha mezani. "Hili lishakerezwa mara mbili. Halina nyama. Litupe." Tajiri akapandisha sauti, akasema mafundi wa siku hizi ni waoga, wako wengine mjini. Mimi niliuona uso wako. Babako alipotoka kwenda kuswali adhuhuri ulilifunga lile kasha kwenye mashine. Ulitaka arudi akute umefanya lile ambalo yeye alishindwa. Mtoto yeyote wa mtu kama yeye angetaka.

Alirudi akakuta kisu kimeshaingia. Mimi nilikuwa nimefika mlango wa ngazi na birika mkononi. Hakuuliza. Alikupiga kofi mbele ya tajiri, kofi la nguvu zake zote, ukageuka. Nawe ukamsukuma kifuani, kichwa chake kikagonga ukuta, ukachukua nyundo. Niliuona mkono wako ukiwa juu. Ulikuwa umetulia, hukutetemeka, na uso ulikuwa wake kabisa, uso ule ule ulionifanya niolewe naye. Tajiri alishakimbilia uchochoroni. Babako akafuta damu mdomoni akasema, "Piga. Si mwanamume wewe? Piga basi."

Na mashine ilikuwa ikizunguka. Hilo ndilo wanalokusimanga nalo, kwamba uliiacha bila mtu. Mlikuwa wawili mlioiacha. Makali ya kisu yakaisha, kikawa kinasugua badala ya kukata, na maranda yaliyorundikana chini yakashika. Kwanza cheche, halafu ule mwanga mweupe ukajaa karakana nzima, nikaacha kuwaona nikaona vivuli vyenu tu. Moto ulikuwa miguuni pako, nawe umebanwa kati ya mashine na ukuta. Nyundo ikaanguka. Babako ndiye aliyekuwa upande wa ndoo. Akaifunua, akaiinua.

Hapo, mwanangu, nilikuwa na nafasi ya neno moja. "Usimwage." Mdomo nilikuwa nao, na sauti nilikuwa nayo. Lakini kulisema ni kukiri, na kukiri mbele ya mtu yule, saa ile, ni kupigwa. Niliogopa kofi. Nimesimama na birika la chai, mwanangu anaungua, mume wangu anauinua mchanga niliomwekea, na mimi naogopa kofi. Akaumwaga.

Moto ulilipuka. Ulitoa mshindo ambao ulivunja kioo cha dirisha la juu, na madini yanayowaka yakaruka yakamwingia usoni, shingoni, mikononi. Alilia kilio ambacho sijakisikia hata kwa mwanamke anayezaa. Alijipiga uso kwa viganja, na kila alipopiga ngozi ikatoka na kiganja. Wewe uliruka juu ya moto ukamshika miguu ukamvuta mpaka uchochoroni. Mikono yako inaungua, nawe hukumwachia. Habari hiyo kuna aliyekusimulia tangu siku ile? Hakuna. Wote wanakusimulia ya mashine.

Na aliyewapa ya mashine ni mimi. Hospitalini ndugu wa babako waliuliza ilikuwaje, nikasema, "Athman aliiacha mashine ikizunguka." Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinitokea kwa urahisi. Wakageuka wote kukutazama, na mimi nikakutazama pamoja nao. Ukainamisha kichwa. Wakasema ya kusema, kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaitikia kwa kichwa. Umewahi kuona mama wa namna hiyo? Mimi sijawahi, na nimeshaishi naye wiki zote hizi.

Tangu arudi nyumbani, jicho moja halipo na la pili laona mwanga tu, hakuna aliyekusikia ukiingia chumbani mwake, wala yeye hakukuita. Ukadhani amekulaani. Na mimi nilikuacha udhani.

Leo baada ya alasiri, nikimbadilisha bendeji, nilimwambia. Nilifunga mlango kwanza, nikausogeza mkasi mbali.

"Babake Athman, mtanga ule sikuukaanga."

Mkono wake ukainuka. Nikafumba macho kwa mazoea. Alikuwa anapapasa kikombe chake.

"Najua," akasema.

"Wajuaje?"

"Si niliinua ndoo? Mtanga mkavu una uzito wake. Nimeinua ndoo ile tangu hujazaa."

"Ukajua, na ukaumwaga?"

"Mwanangu alikuwa na moto miguuni. Wataka ningepanda juu kutafuta karai?"

Nilikaa chini sakafuni. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini wiki zote hizi amenyamaza watu wakikutafuna. Akakitua kikombe.

"Nikisema, atakuchukia wewe. Mimi keshazoea kunichukia, halitamwongezea kitu. Mwache aende akiwa na mama."

Nikamwambia, "Hakuchukii wewe. Yuwajichukia mwenyewe. Asema hana uso wa kukuaga."

Hilo hakulijua. Mtu yule alidhani anakulinda. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi mke wake wa miaka yote hii sikujua nimshike wapi, maana kila mahali pa kumshika pana kidonda.

Hajui kwamba nimekuandikia. Akijua atakasirika, na safari hii haki itakuwa yake, kwa sababu nimeivunja zawadi aliyokupa. Lakini sikuweza kukuacha upande basi ukiwa na mama wa uongo na bila baba.

Sikuombi umsamehe makofi yake, hayo ni yako na yeye. Huko uendako utapigana, najua, sikukulea miongoni mwa njiwa. Ila akitokea msichana akakupenda kwa sababu alikuona ukimpiga mtu, mwonee huruma na umwambie aende zake. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa yakini, mengine ningekuwa nakubabaisha.

Mlango wa chumba chake nimeuacha wazi. Siku hizi halali, atakuwa amekaa akizisikiliza hatua zako. Ingia. Hata kama huna la kusema, kaa karibu akusikie.

Mimi nitakuwa chini mlangoni na begi lako. Nitakunyooshea mkono uubusu, kama ulivyozoea kila unaposafiri. Ukiupita, nitajua kwamba umesoma mpaka hapa, na sitakuita nyuma.

Mamako,
Zainab